Uso Chini ya Taji

Ragnfrid Tveito alikuwa ndiyo kwanza anashuka garimoshi stesheni ya mji mkuu, Kristiania, koti la kijani mwilini na kikapu cha jibini mkononi, mtu akamfokea, "Dada, umeniharibia picha!"

"Mimi napita njia. Kamera yako ndiyo iliyonizibia njia."

Mtu yule akaangua kicheko. Aliitwa Eilert Brekke, mwongozaji filamu, wakati ambao filamu za nchi hiyo zilihesabika kwa vidole. Haikupita wiki akawa anampigia simu kila asubuhi, kwenye duka la glavu alikoshona.

"Fundi wangu, umeamkaje?"

"Salama. Mwenye duka ananikodolea macho, wewe!"

Penzi likakolea. Kiangazi, Eilert akaenda na Ragnfrid kijijini kwao, Hardanger, kando ya maji, kupiga filamu ya harusi. Mwigizaji wake wa bibi harusi akaugua. Ragnfrid akakubali kuvaa taji la harusi la bibi yake, la fedha, kwa sharti moja.

"Kijijini kwetu, mwanamke akionwa uso chini ya taji, huyo kaolewa. Nipige kwa nyuma."

"Nakuahidi, mpenzi."

Lakini Ragnfrid aligeuka mara moja tu, jua likamwangukia usoni, na Eilert hakuacha kuzungusha mpini wa kuendeshea kamera.

Vuli, filamu ikaonyeshwa Bergen, mji ulio karibu na kijiji chao. Baba yake Ragnfrid, aliyeambiwa na walioiona, akapiga simu dukani. "Mwanangu, umeolewa lini bila sisi kujua?"

Ragnfrid akampigia Eilert simu kwa hasira. "Uliniahidi!"

"Ndiyo picha bora ya maisha yangu! Magazeti yote yanaisifu."

"Basi kaoe magazeti."

Akarudi kwao. Kwenye ngoma za Jumamosi hakuna kijana aliyemwinua kucheza, maana mke wa mtu haguswi. Aliumia, na bado alimpenda.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, Eilert akashuka kwenye boti ya barua, viatu vya mjini vimejaa tope. Akampa kopo la tumbaku. Ndani mlikuwa na kipande cha mkanda wa filamu.

"Nimeukata uso wako kwenye mkanda mama, na kwenye nakala zote. Hautaonyeshwa tena."

"Na filamu yako?"

"Ina bibi harusi asiye na uso. Magazeti sasa yanasema sijui kazi."

Ragnfrid akakiinua kipande kwenye jua. Siku zote alidhani aligeuka kutazama maji. Kumbe alikuwa akimtazama mwenye kamera, tena anatabasamu.

"Baba bado yumo kanisani," akasema. "Tangu vuli anauliza mkwewe ni nani. Nenda kamjibu."