Nifungue au Nisifungue?

"Usimwambie Kawira kitu. Jumamosi ni yako."

Hayo maneno mimi sikuyatafuta. Yalikuja yenyewe kwenye simu ya Njeru, na simu ya Njeru ilikuwa juu ya meza yangu, kati ya sufuria ya gundi na rundo la karatasi zilizokuwa bado zinakauka. Aliyeyatuma ni Mzee Gedi, baba ya bibi harusi.

Mimi ni mdaku, nakubali kabla hujanisema. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikimuuliza mkunga anatoka kwa nani.

"Njeru!"

"Naam."

"Mzee Gedi anataka nini na wewe Jumamosi?"

Njeru alikuwa upande wa pili wa duka, anapanga herufi kwenye mashine yake ya kuchapa. Tunagawana duka moja hapa Meru mjini. Yeye ni mtu wa Kibugu, kule Embu kwenye majani chai, na kazi yake ni kuchapa maandishi. Mimi natengeneza kadi kwa mkono. Alikuja pole pole, akachukua simu, akasoma, akaitia mfukoni.

"Ni mambo ya kazi tu."

"Kazi gani, na mwenye kupewa hiyo kazi ni mimi?"

"Kawira, gundi yako inaungua."

Na kweli ilikuwa inaungua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Idil, binti ya Mzee Gedi mwenye malori pale Maua, alikuwa anaolewa na Younis wa Malindi, na harusi ilikuwa ifanyike ufukweni, watu wamevua viatu. Idil alikuja dukani na chupa ya maji iliyojaa mchanga mweupe wa kule.

"Dada Kawira, nataka mtu akishika kadi yangu aone bahari. Lakini aone na Maua pia. Watu wa Younis wanadhani mimi sina kwetu."

"Sasa Maua nitaitiaje kwenye kadi?"

"Si ndiyo maana nimekuja kwako?"

Nikachemsha nyuzi za mgomba, nikazitwanga, nikaanika ule uji kwenye wavu mpaka ukawa karatasi. Pembeni nikapaka gundi ya unga wa ngano na kumwagia mchanga. Mara ya kwanza mchanga wote ulibaki kwenye sketi yangu. Mara ya pili kadi ilijikunja kama chapati. Mara ya tatu ikashika. Hapo ndipo nikapata wazo: nikaviringisha kadi, nikaizungushia jani la mgomba lililokauka, nikafunga kwa kamba ya mgomba. Likatoka bunda dogo, sawasawa na bunda la miraa la sokoni Maua. Mtu wa Maua akiliona, ameona nyumbani.

Kufunga bunda nilifunzwa na baba yangu, Mzee Kiunga, shambani kwetu Muthara nikiwa na miaka saba. Fundo letu huelekea kulia, na ukilivuta mara moja linaachia.

Mzee Gedi alipoletewa bunda la kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. Huyo mzee amekaa Maua miaka arobaini, Kimeru chake kinashinda changu.

"Mama, unajua umefunga nini hapa?"

"Kadi ya harusi, mzee."

"Haya. Kadi ya harusi."

Akamtazama Njeru. Njeru akatazama sakafu.

"Mnacheka nini?" nikauliza.

"Hakuna," wakajibu pamoja.

Watu wawili wakisema "hakuna" kwa pamoja, jua kuna kitu. Na sasa huu ujumbe wa Jumamosi! Nikaanza kuhesabu uwezekano. Labda Mzee Gedi anataka kumpa Njeru kazi Maua. Labda Njeru anahama duka. Hilo la pili lilinichoma, na acha niseme kwa nini.

Miaka miwili iliyopita, mvua ikinyesha, hakuna mteja, Njeru aliniuliza hivi:

"Kawira, ukiambiwa uolewe na mtu wa Embu, utakataa?"

"Embu upande gani?"

"Tuseme Kibugu."

"Kibugu kuna baridi kiasi gani?"

"Wewe jibu kwanza."

"Kwani nani ameuliza?"

Alicheka, akarudi kwenye mashine yake. Hakuuliza tena. Mimi nami nimekaa miaka miwili nikimtazama akila githeri yake kwenye kona, nikijiuliza kama lile lilikuwa swali la kweli ama lilikuwa la kupitisha mvua.

Ijumaa akanijia.

"Kesho Liban, dereva wa Mzee Gedi, anapitisha lori kule Muthara. Nitaandamana naye, nimpelekee baba yako kadi."

Baba alikuwa kwenye orodha ya waalikwa, kwa sababu miraa yake imebebwa na malori ya Gedi tangu niko shule ya msingi.

"Liban si anaweza kuipeleka mwenyewe?"

"Anaweza."

"Sasa wewe unaenda kufanya nini?"

"Kuona Muthara."

"Muthara kuna nini ya kuona?"

"Sijui. Ndiyo naenda kuona."

Jumamosi asubuhi alipitia dukani kuchukua kadi. Shati jipya, jeupe, limepigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Na hiyo shati?"

"Ni shati tu."

"Umepiga shati pasi ya kupeleka kadi?"

"Kawira, hizi maswali zako siku moja zitakosa mtu wa kuzijibu."

Akaondoka. Nikabaki na sufuria yangu.

Saa tano hivi simu ikalia. Baba.

"Kawira."

"Baba. Kadi imefika?"

"Hayo ya kadi tutaongea. Hapa kuna kijana, anaitwa Njeru. Amekuja na dereva wa Gedi. Ameniletea bunda, amenipa kwa mikono miwili. Nimemwita ndugu yangu Riungu, ako hapa. Tumekaa. Sasa nakuuliza: nifungue au nisifungue?"

Nilikaa chini, kwenye karatasi mbichi.

Kama wewe si wa kwetu, nisikilize. Kwetu Tigania, kijana akimtaka msichana, hupeleka kwa baba yake ncoolo, bunda la miraa lililofungwa kwa jani la mgomba. Baba halifungui mpaka amuulize binti. Akilifungua, mazungumzo yameanza, wazee wa kwao kijana wataitwa. Asipolifungua, kijana hubeba bunda lake arudi nalo, na mlango huo haugongi tena.

Akili yangu ikaruka moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu. Ni mimi! Ni lile wazo langu la kufunga kadi kama miraa! Maskini mtu wa Embu amebeba kadi ya Idil mpaka kwa baba yangu, amempa kwa heshima zote, na hajui kwamba ameniposa.

"Baba, ngoja. Usiguse kitu. Nipe Njeru."

Nikasikia simu ikipita mkono kwa mkono.

"Hallo."

"Njeru! Unajua umefanya nini hapo?"

"Nimepeana bunda."

"Umeniposa! Kwetu bunda kama hilo ni posa!"

"Na mzee akifungua?"

"Basi imeanza! Wazee wenu watatolewa Kibugu!"

"Na asipofungua?"

"Hutakanyaga hapo tena."

Nilisikia kuku wa baba wakigombana.

"Sasa wewe unasemaje?" akauliza.

"Mimi? Wewe ndio unasemaje? Liban hakukuambia? Mzee Gedi alikuwa anacheka nini siku ile? Hiyo Jumamosi ni yako ya nini? Na hiyo shati?"

"Kawira. Hizo ni maswali tano. Baba yako amekuuliza moja tu."

Nampenda Njeru. Nimelisema, na sikuwahi kulisema hata nikiwa peke yangu. Nampenda anavyofuta herufi moja moja kwa kitambaa, nampenda anavyonihifadhia chai kwenye chupa. Nikisema "usifungue," mlango wa kwetu umefungwa kwake milele. Nikisema "fungua," nimemnasa mtu kwa kamba niliyoisokota mwenyewe. Mwanamume wa kupata kwa makosa mimi simtaki, hata akiwa Njeru. Bora nimpoteze kwa ukweli.

"Rudisha simu kwa baba," nikasema.

"Kawira..."

"Rudisha, Njeru."

Baba akarudi.

"Ndiyo."

"Baba, hilo si ncoolo. Ni kosa langu. Hiyo ni kadi ya harusi ya binti ya Gedi, nimeifunga mimi kama bunda la miraa. Kijana ni wa Embu, hajui mambo yetu. Tafadhali usimwaibishe. Mwachie arudi na heshima yake."

Baba akauliza, na hapo ujue udaku wangu niliurithi wapi:

"Kadi za Gedi umezifungia na jani gani?"

"La mgomba."

"Kavu ama bichi?"

"Kavu, Baba. Bichi italowesha karatasi."

"Mm. Kadi ya Gedi iko hapa kwa meza, Liban ndiye amenipa. Jani yake ni kavu, na fundo ni lako, linaenda kulia. Hili bunda la kijana ni jani bichi, limekatwa jana. Na fundo linaenda kushoto, limerudiwa mara tatu kama la gunia. Mtu aliyefunga hili hajawahi kufunga miraa maisha yake yote."

Nyuma nikamsikia Baba Mdogo Riungu akicheka.

"Hiyo ni mikono ya chai!"

Njeru alijua. Alikata jani, alitafuta miraa, akakaa mahali peke yake akifunga na kufungua, akijaribu fundo la watu wa kwetu mpaka likamshinda. Mzee Gedi ndiye mwalimu. Jumamosi ndiyo hii.

"Mwari wakwa," baba akasema, yaani binti yangu, na baba neno hilo halitumii ovyo. "Nakuuliza mara ya mwisho. Na safari hii usiniulize kitu."

"Fungua."

"Mtandao ni mbaya. Umesema?"

"Fungua, Baba! Fungua!"

Mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma. Sikujali. Nilikuwa nasikiliza jani likikunjuliwa kule Muthara, na lilichukua muda, kwa sababu ya lile fundo.

"Kuna miraa," baba akasema. "Nzuri. Na katikati kuna karatasi."

"Imeandikwa nini?"

"Imechapwa 'Njeru na', halafu kuna nafasi. Haijaandikwa kitu."

Njeru akapewa simu.

"Uliniacha niongee yote yale na ulijua!" nikamwambia.

"Nilikuuliza miaka miwili iliyopita, ukaniuliza baridi ya Kibugu. Nikamwambia Mzee Gedi. Akaniambia huyo msichana kwa maneno humwezi, muulize kitu ambayo haiwezi kujibiwa na swali ingine."

"Na baba akikosa kufungua, ungefanya nini?"

"Ningerudi na bunda yangu. Mimi sijawahi kula miraa, lakini hiyo ningemaliza yote kwa njia."

Nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijawahi kufanya, nikaenda Muthara. Jua halikuwa limetua nilipofika. Baba akaweka ile karatasi mbele yangu, Liban akanipa kalamu ya kitabu cha safari za lori, nikaandika jina langu. Njeru alikuwa amekaa kwenye kigoda, shati jeupe lote lina madoa ya utomvu wa mgomba. Wenye kujua mgomba wanajua lile shati limekwisha.

Mwezi wa nane tukawa Malindi, wote wawili, waalikwa wa Idil. Wageni walikuja na mabunda yao mkononi kama watu waliotoka sokoni Maua. Idil alikuwa akiwaonyesha mawifi zake fundo langu, akilivuta mara moja, linaachia, wanapiga vigelegele. Mzee Gedi aliponiona alianza kucheka upya, safari hii bila kushika ukuta, kwa sababu ufukweni hakuna ukuta.

Shangazi ya Younis, mama mmoja mwenye buibui na macho yasiyopitwa na kitu, akatusogelea.

"Na nyinyi wawili, Mwenyezi Mungu akipenda, lini?"

Njeru akanigeukia. Alisimama tu, viatu mkononi, akingoja.

Ulimini nilikuwa na maswali matatu. Ameambiwa na nani? Kwa nini anauliza? Yeye aliolewa lini? Nikayameza yote.

"Desemba tarehe kumi na mbili," nikasema. "Nyumbani kwetu, Muthara."