Aliyekula kwa Jina la Kuttan

Wali uliowekwa mbele ya jiwe uliisha kabla kunguru hawajafika. Nangai alikuwa amesimama pale pale, kibuyu cha tembo mkononi, akaliona tonge linapungua upande mmoja, kidogo kidogo, kama linaliwa na mtu asiye na haraka. Hakupiga kelele. Alikuwa amechoka mno hata kwa hilo.

Jiwe lilisimikwa uani kwake baada ya vita vya ng'ambo ya Mto Vellaru, jeshi la Wachola, watu wa kwao, lilipokwenda kuikomboa ardhi iliyochukuliwa na Wapandya. Ardhi ilikombolewa, mumewe Kuttan hakurudi. Kijiji kikachonga jiwe la shujaa, mtu mwenye upanga na jina lake chini, kikalivisha manyoya ya tausi. Na kama ilivyo ada, mfalme akaipa familia shamba la damu, kipande kizuri cha mpunga kule kule ng'ambo. Kazi ya mjane ilikuwa kulilisha jiwe kila jioni na kumwita marehemu kwa jina aje ale. Nangai akalilisha, akamwita.

Kisha Kuttan akarudi. Alitokea mchana kweupe, mateka aliyetoroka, anachechemea, amejaa chawa. Watu wakalia, wakacheka, wakala. Kesho yake Nangai akachukua mti wa kuchimbia ili aling'oe jiwe, lakini mama mkwe wake, Sendi, akamshika mkono.

"Ukiling'oa, shamba linarudi kwa mfalme," alisema Sendi. "Shamba la damu ni la aliyekufa, mwanangu. Aliye hai hapewi."

"Mwacheni mwenzangu wa jiweni ale," Kuttan akacheka. "Yeye kawaletea shamba. Mimi nimewaletea chawa."

Basi wakaendelea kumwita mtu aliye hai kwenye chakula cha wafu. Upumbavu huo, utasema. Lakini wewe hujawahi kushindia mizizi msimu mzima.

Kuttan hakunenepa. Alikula akalalamika kwamba wali una ladha ya udongo na haumkai tumboni. Mbavu zikamtoka. Nyumba nayo ikaanza kunuka chuma kilicholowa na tembo lililochacha, hata Nangai aliposiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, kama walivyosafisha nyumba kwao, harufu haikutoka.

Jioni moja Nangai alikuwa anamkanda mguu mumewe mkekani, wakasikia mtu anachechemea uani, mguu wa kushoto ukiburuzika mchangani kama wa Kuttan mwenyewe, kutoka kwenye jiwe hadi kisimani, kutoka kisimani hadi mlangoni, na ile harufu ikatangulia ndani ikajaa chumba mpaka taa ikafifia, na sauti ya Kuttan, ile ile yenye mkwaruzo, ikasema nyuma ya pazia, "Nangai, nina kiu."

Kuttan alimtazama mkewe. Hakuwa amefungua mdomo.

"Usiitike," alinong'ona.

Lakini Sendi, aliyekuwa jikoni, alikwisha kuitika. "Nakuletea, mwanangu." Akapita na maji, akachungulia ndani, akamwona Kuttan pale mkekani. "Nangai," akauliza kwa upole, "huyu mgeni wako ni nani?"

Asubuhi wakamwita mganga Velan. Alikaa mbele ya jiwe, akatupa kunde zake za ramli, akaanza kutetemeka, na iliyotoka kinywani mwake ilikuwa sauti ya Kuttan.

"Nililala kwenye matope bila wa kunizika. Lile shamba lilikuwa la mama yangu. Nikasikia jina linaitwa, nikanusa wali, nikaja. Mmeniita wenyewe. Mmenilisha. Sasa mnanifukuza kwa nini?"

Velan alipozinduka alijifuta mdomo. "Ni askari wa wale wengine, wa Wapandya. Sasa jina ni moja, wanaokula kwalo ni wawili. Ng'oeni jiwe, kisha jina liitwe mbele ya watu. Kuttan akitangulia kuitika, yule atapotea. Akitangulia yule, atalibeba jina aende nalo kwa aliyemwita."

"Na mume wangu?"

"Ataishi. Ila mama yake hatamjua tena. Na wewe usije ukamwita kwa jina hilo, hata kwa kunong'ona. Yule atalisikia, atarudi."

Nangai akaanza kuchimba. Jiwe lilikuwa limeinama tayari, majirani wamejaa uani, ngoma ya mfalme ikasikika njiani. Askari wakaingia wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Wapandya wamevuka mpaka tena, walisema. Mashamba yote ya ng'ambo yamekwenda, ya damu na yasiyo ya damu. Kila aliyepigana juzi na yu hai, arudi akapigane.

"Tumesikia hapa kuna aliyefufuka," alisema mkubwa wao, naye sauti imemkauka. "Kuttan!"

Kuttan akavuta pumzi aitike. Nangai aliutazama ule mguu, akazitazama zile mbavu. Akamziba mdomo kwa mkono wenye udongo, akamkandamiza kwa nguvu zake zote.

"Nipo," ikasema sauti karibu na jiwe.

Mkubwa wa askari hakushangaa. Akamwonyesha mstari wa askari mtu ambaye Nangai hakumwona. Mchanga ukaburuzika, mguu wa kushoto, mpaka nje ya ua na kuishika njia ya kusini. Sendi alifuata mbio na wali kwenye jani la mgomba, analia, anamuaga mwanawe.

Harufu ilitoka siku ile ile. Mtu wa Nangai alianza kushiba, mashavu yakarudi. Sendi humkaribisha kwa adabu kama mpita njia na humuuliza kwao ni wapi.

Jioni moja yule mume alisukuma chakula pembeni.

"Niite," alimwambia Nangai. "Mara moja tu. Kwa sauti ndogo."

 Nangai akachota wali, akamwongezea.

"Kula," alisema.