Redio ya Tatu

"Shomari, wageni wamevuka mfereji?"

"Wamevuka."

"Nakuuliza wangapi."

"Sita, Twahira. Au unataka nikuitie na majina ya wazazi wao?"

Twahira akaachia kitufe cha redio, akaikazia macho migomba iliyokuwa mbele yake kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Huu ulikuwa mwaka wa nne wanaongoza wageni kwa miguu kwenye vijiji na makorongo ya Mlima Meru. Yeye anatangulia, Shomari anafunga msafara, na kila mmoja ana redio ya mkononi. Ya tatu inakaa kwenye gari kwa Mzee Said, baba yake Twahira, anayewangojea mwisho wa njia. Siku zote redio zile zilijaa utani. Leo zilijaa shari tupu.

Lilian, mgeni wa kwanza kwenye mstari, mwanamke wa ofisini mwenye miwani mikubwa na mdomo usiotulia, akamsogelea.

"Dada kiongozi, samahani lakini. Nyie wawili mmeoana au mmeachana?"

"Tunafanya kazi pamoja tu."

"Haya bwana. Mimi mgeni, sina neno. Ila mume wangu tukinuniana huwa ananijibu hivyohivyo."

Wenzake wakaangua kicheko. Twahira alisikia uso unamchoma. Amezoea kurushiana maneno na Shomari mbele ya Wazungu wasioambulia hata moja. Leo wageni wote sita walikuwa Watanzania, tena wa ofisi moja, na tangu saa mbili asubuhi walikuwa wanafaidi tamthilia ya bure!

Hasira yake haikuwa ya bure, jamani. Jana jioni alimwandikia Shomari ujumbe:

"Kesho saa kumi na moja wazee wa Muzammil wanakuja kuchukua jibu la posa. Baba atawajibu. Una la kusema?"

Shomari aliusoma. Akakaa nao saa nzima, kisha akajibu:

"Nakutakia kheri."

Kheri! Mwanaume aliyemwapia mwezi mzima uliopita kwamba barua yake ya posa itafika Majengo, nyumbani kwa Mzee Said, kabla ya mwezi kuandama. Mwezi ukaandama, barua hakuna. Muzammil, mwenye duka la vipuri vya magari mjini, akaleta ya kwake. Alikuwa mtu mpole, mswalihina, hana baya. Twahira alimtafutia kasoro hakuipata, na bado kila akifikiria kuishi naye alitamani kulia.

Simu ikatetemeka mfukoni. Shangazi Mwamvua, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama alipofariki.

"Tumeshafika na gari, chakula kiko moto. Usichelewe mama, jioni una wageni."

Twahira akaongeza mwendo.

Pale njia inapoacha mashamba ya kahawa na kuanza kushuka korongoni, walikutana na bibi mmoja wa Kiarusha amejitwisha majani ya ng'ombe.

"Shikamoo yeyo," Twahira akamwamkia, akimwita mama kwa Kiarusha.

"Marahaba. Mnashuka huko na watu wote hawa?"

"Ndiyo, yeyo. Tunavuka mikono miwili tu ya mto, tunatokea ng'ambo."

Bibi akageuka kuutazama mlima. Juu kulikuwa kumefunga, weusi mtupu.

"Huko juu imenyesha tangu alfajiri. Mto utakuja."

Chini maji yalikuwa meupe, yanapita kifundoni, yanaimba zake kwenye mawe. Redio ikakoroma.

"Twahira, nimemsikia yeyo," Shomari alisema. "Turudi. Tupitie darajani juu."

"Darajani ni saa nzima na nusu."

"Najua."

"Maji hayajabadilika rangi. Kanuni inasema yakibadilika."

"Kanuni niliitunga mimi na baba yako. Nakwambia turudi."

Alikuwa na haki, na Twahira alijua ana haki. Siku nyingine angerudi bila ubishi. Lakini leo sauti ile ile iliyomtakia kheri ndiyo inamwambia arudi, na yeye ana saa kumi na moja inamngoja nyumbani.

"Tunashuka," akasema.

Wakavuka kivuko cha kwanza. Kuta za korongo zikawabana pande zote mbili, juu ikabaki anga kidogo. Kwenye kivuko cha pili Twahira alitangulia, akapitisha wageni mmoja mmoja juu ya mawe: Lilian, kisha wanne wengine. Akabaki Philemoni, bwana mnene mwenye kofia, anapumua kwa kishindo, Shomari amesimama nyuma yake ukingoni.

"Twahira, mpe dakika mbili apumzike huku. Nasikia mlio siupendi."

"Usimcheleweshe! Mlete! Au na yeye umwache njiani, si ndiyo kazi yako kurudi nyuma?"

Aliporudi hewani, Shomari alikuwa anaongea polepole sana.

"Umesema mimi nimerudi nyuma?"

"Ulisema utaleta barua. Iko wapi barua, Shomari?"

"Usinichezee, Twahira. Barua yangu imefika kwenu wiki tatu zilizopita!"

"Barua gani?"

"Mjomba wangu wa Ngaramtoni ndiye mshenga. Amekuja Majengo na kanzu yake, barua imefungwa kwenye leso, kapokewa, kapewa na chai. Baada ya siku nne akaitwa, akaambiwa wazee wamekaa, binti ana mtu wake. Na kijana asithubutu kumsemesha binti habari hizo, atamvunjia heshima. Sasa ulitaka niseme nini? Nikuombe kwa redio?"

Twahira akaishika redio kwa mikono miwili.

"Nani amempokea? Shomari! Nani alimpokea mjomba wako?"

Mlio ambao Shomari hakuupenda ulikuwa umefika kwenye kona. Maji yalikuja rangi ya matope, na magogo juu yake. Philemoni, maskini, kwa kusikia "mlete", alikuwa ameshaingia na sasa amesimama katikati juu ya jiwe, ameganda.

"Kimbia!" Twahira akapiga kelele. "Kaka Philemoni, kimbia huku!"

Philemoni hakusogea. Shomari akatupa begi, akaruka mawe matatu, akamkumba mgongoni kwa mabega yote mawili. Yule bwana akaja mzimamzima, Twahira na Lilian wakamdaka mikono, wakamvuta juu kwa magoti. Kofia ikaenda. Walipoinua macho, jiwe halikuonekana. Wala Shomari.

"Pandeni!" Twahira aliwaambia wageni. "Pandeni juu, msisimame! Shikeni mizizi!"

Akawapandisha wote sita mpaka kwenye mwamba mpana, akiwahesabu, kisha akabonyeza redio.

"Shomari."

Mkoromo tu.

"Shomari, unanipata? Shomari, nijibu."

Maji yalinguruma chini yao. Lilian alikuwa amemshika mkono. Philemoni alikaa chini anasema, "Kanisukuma. Kanisukuma mimi." Twahira alibonyeza tena na tena. Alimwita kwa jina, alimwita mpenzi mbele ya watu, alimwomba msamaha kwa kumlazimisha kushuka. Redio ikakoroma, halafu ikatoka sauti ya mwanamke.

"Shomari! Shomari mwanangu, jibu! Jibu baba, usinifanyie hivyo!"

Twahira akaitazama redio mkononi. Shangazi Mwamvua. Redio ya gari. Katika hasira zake alikuwa ameisahau kabisa, kumbe tangu asubuhi ilikuwa wazi, na wazee wameyasikia yote.

"Ni mimi," shangazi alikuwa analia. "Barua ninayo mimi, iko kwenye sanduku langu chini ya kanga. Nilimpokea mimi, na jibu nililitoa mimi. Ya Rabi, mrudishe huyu mtoto, nitasema mbele ya watu wote!"

Ikasikika sauti ya Mzee Said, nzito, karibu yake.

"Mwamvua. Umesema nini?"

"Kaka, nisamehe. Nilizikwa nusu siku ile walipomshusha mume wangu mlimani kwenye machela. Alikuwa mpagazi, aliniaga asubuhi anacheka. Niliiona barua ya Shomari nikasema, na huyu mtoto wangu aje akae dirishani kungoja kama mimi? Muzammil anafungua duka, anafunga duka, anarudi kula. Nilitaka tu mume wa Twahira awe mtu wa kurudi nyumbani."

Twahira aliinamisha kichwa kwenye magoti. Alimchukia, na papo hapo alimwelewa, maana kule kukaa dirishani yeye ameshakukaa dakika kumi na tayari kumemmaliza.

Ndipo filimbi ikalia.

Ilitokea ng'ambo, mto unakoelekea, juu kabisa ya ukuta wa korongo. Milio mitatu mifupi, ishara yao: niko salama. Lilian ndiye aliyemwona kwanza.

"Yule pale! Kwenye mti! Dada, yule pale!"

Shomari alikuwa amekumbatia mzizi wa mkuyu, shati limechanika, damu inamtoka kwenye paji la uso. Redio imekwenda na maji. Akanyoosha mkono juu, kuelekea darajani. Akaweka mikono mdomoni akapaza sauti, maneno yakafika vipandevipande.

"Wapeleke... wageni! Mimi... nazunguka!"

Twahira akainua mkono kumjibu. Wageni walipiga makofi mpaka korongo likarudisha mwangwi. Akabonyeza redio.

"Baba, yuko hai. Anazunguka kwa darajani."

"Alhamdulillahi," Mzee Said akasema. "Sasa zima redio, walete watu wa watu. Mengine tutayaongea tukionana."

Walifika kwenye gari saa nane kasoro. Chakula hakikuguswa. Shangazi Mwamvua alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, kanga imemfunika mpaka machoni. Twahira alipita mbele yake bila kumsalimia, akaenda kusimama njiani.

Saa tisa na robo Shomari akatokea, anachechemea, yule yeyo wa asubuhi anamsindikiza ameshika fimbo. Twahira alikwenda mbio mpaka hatua mbili kutoka kwake, akakumbuka baba anatazama, akasimama.

"Neno moja lilikushinda?" akamwambia, machozi yanamtoka. "Miaka minne unanigombeza kila jiwe, hili likakushinda?"

"Niliambiwa nisikusemeshe. Na wewe mbona hukuniuliza barua iko wapi?"

"Mwanamke anaulizaje?"

"Si ndiyo hivyo," Shomari akasema. "Na mimi nilijiuliza, mwanaume aliyekataliwa anasemaje?"

Mzee Said akawafikia. Alimtazama yule kijana jeraha lake, kisha akatoa leso mfukoni akamkandamizia mwenyewe.

"Kila jioni ulikuwa unanikabidhi redio, nakutazama usoni, nasema moyoni leo mjomba wake atabisha hodi. Nilidhani umemchoka mwanangu."

"Mzee, nilidhani wewe umenikataa."

"Na Twahira," baba akamgeukia, "maji yale ulionywa. Watu sita nimekukabidhi."

"Nimekosa, Baba. Sitajitetea."

"Hilo tutalirudia. Shomari, mpigie mjomba wako, mwambie namwomba Majengo kabla ya saa kumi na moja. Na wewe Mwamvua, simama tukaitoe hiyo barua."

Wazee wa Muzammil walipowasili waliikuta leso ya barua juu ya meza, na mjomba wa Ngaramtoni amekaa na kanzu yake. Mzee Said hakuzunguka. Alieleza ilivyokuwa: barua ya kwanza ilifika kabla ya yao, ikazuiwa ndani ya nyumba yake, na aibu hiyo ni yake. Shangazi Mwamvua akasema mwenyewe kwamba ni yeye. Mkubwa wa wale wazee alisikiliza mpaka mwisho, akashika ndevu.

"Sisi tulikuja kuoa, hatukuja kupora," akasema. "Lakini na binti aulizwe. Tukamwambie Muzammil tulichosikia kwa binti mwenyewe, tusiende na maneno ya watu wengine."

Twahira akaitwa sebuleni. Alikuja na gauni la kijani, kichwa kimefunikwa, akaketi mkekani. Shomari alikuwa nje barazani na bandeji, mlango umeachwa wazi.

"Mwanangu," Mzee Said akasema, "mbele ya wazee hawa, huyu Shomari unamtaka?"

Hapo, kwa kawaida ya mambo haya, binti huinamisha uso asiseme kitu, wazee wakasema kunyamaza kwake ni kukubali, shughuli ikaendelea. Wanawake waliokuwa chumbani walikuwa wameshajiandaa. Twahira akainua uso.

"Baba, mimi leo sinyamazi. Tumenyamaza wiki tatu, kidogo tuzikane. Namtaka Shomari. Namtaka yeye na si mwingine, na Muzammil namwomba radhi."

Chumbani wanawake waliguna. Twahira hakuwasikiliza. Alikuwa anamtazama shangazi yake, aliyekaa kwenye kona ya mkeka kama mtu asiye na nyumba.

"Na nikiolewa naye tutaendelea kushuka makorongoni wote wawili. Ndiyo kazi yetu. Shangazi, wewe ndiye uliyenilea. Nina hasira na wewe, itachukua siku. Lakini bila radhi yako sitoki humu ndani."

Shangazi Mwamvua alivuta kanga, akaishikilia mdomoni, akaiachia.

"Radhi nimetoa. Ila mvua ikinyesha msishuke, Twahira. Niahidini, nyote wawili."

"Nakuahidi, shangazi."

"Nakuahidi, shangazi," Shomari naye akasema kule barazani, kabla hata hajaulizwa, na wazee wakacheka.

Shangazi Mwamvua akapiga kigelegele. Sauti ikamkatikia katikati, akavuta pumzi, akaanza upya, na wanawake wa chumbani wakampokea.