Wodi Iliyoanza Tupu

"Usiingie humo ndani na hizo karatasi!"

Injinia aligeuka, mkono bado uko kwenye kitasa. Ndani ya chumba cha mikutano wakubwa wa hospitali walikuwa wanamsubiri. Mchumba wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Takwimu, alikuwa anamjia mbio kwenye korido.

"Kuna nini tena, mpenzi?"

"Ile programu yako ya kompyuta ya kuigiza wodi ya wazazi. Kila ukiiwasha, inaanza na vitanda vitupu. Wewe umewahi kuiona wodi ile tupu?"

"Si inajaa baadaye?"

"Inajaa, ndiyo. Lakini zile saa za mwanzo, ambazo hata foleni hakuna, umezijumlisha kwenye wastani. Nimezitoa, nikapiga hesabu upya. Mama uliyesema atasubiri kitanda dakika kumi, atasubiri zaidi ya saa nzima."

Injinia alizitazama zile karatasi. Kwa hesabu zake hizo, wakubwa walikuwa wanakwenda kupunguza vitanda leo hii.

"Nikisema nimekosea, kazi sina. Na harusi ni Jumamosi! Baba yako atanionaje?"

"Na mdogo wangu anajifungua hapa hapa mwezi ujao. Akijifungulia sakafuni, mimi nitakutazamaje?"

Injinia alizibana karatasi kwapani. Aliingia, akafunga mlango.

Mama Takwimu akakaa kwenye benchi. Alimjua mtu wake, hakuna kitu alichokiogopa kama kufukuzwa kazi. Mara simu ikatetemeka mkononi. Ilikuwa meseji ya Injinia.

*Nisamehe sana.*

Kumbe ameamua kuwadanganya. Aliogopa kwa ajili ya mdogo wake, akamwogopa zaidi mwanaume aliyekuwa anaolewa naye. Akaivua pete, akaifumbata kiganjani.

Ndani mtu alifoka. Kiti kikaanguka. Kisha Injinia akatoka, shingoni hana tena kitambulisho.

"Nimewaambia ukweli," alisema. "Vitanda havipunguzwi. Nimepunguzwa mimi."

"Na ile meseji?"

"Nilikuwa nakuomba radhi kabla sijafungua mdomo. Mwanaume asiye na kazi utamtaka wa nini?"

Mama Takwimu alilia, akacheka, akalia tena.

"Unakumbuka tulipoanza? Maua, meseji kila asubuhi, kunifungulia mlango wa gari?"

"Nakumbuka."

"Zile siku sikuzihesabu kabisa. Mwanzoni kila mwanaume ni mzuri. Nimekuwa nikipima zilizofuata."



"Umepata nini?"

Mama Takwimu alifungua kiganja, akairudisha pete kidoleni.

"Jumamosi usichelewe."