Kanzu ya Athmani

Kila Ijumaa asubuhi Mwanakuu alitia makaa na udi katika chetezo, akaifukiza kanzu ya babake ya kwendea msikitini. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mtaani Kibokoni walimwita mtoto wa mlevi, ingawa babake, fundi wa milango Athmani, alikuwa na miezi sita hajatia tembo kinywani.

Ijumaa moja ya mwaka 1965 aliitoa kanzu kikapuni, na harufu ya tembo ikampiga puani. Babake alikuwa amerudi jana yake kutoka Rabai, na hakusema alikwenda kufanya nini. Hasira zikampanda. Hakuuliza. Aliibeba kanzu hadi barazani, wanaume walipokuwa wakinywa kahawa.

"Nusani wenyewe! Yuwanywa tena!"

Hawakungoja kubembelezwa. Kanzu ikapita mkono kwa mkono. Jirani yao Taib akaziba pua, akajifanya kupepesuka, na wazee wazima wenye mvi wakacheka hadi kahawa ikawamwagikia.

Athmani akatokea na kikoi, kipande cha sabuni mkononi, akiitafuta kanzu aifue.

"Karibu, bwana mlevi," Taib akasema. "Miezi sita watulaghai!"

Sabuni ikamponyoka Athmani. Akageuka, akashika njia ya kwa wauza tembo. Mwanakuu aliujua mwendo ule, akamfuata mbio.

Pale konani Athmani akakutana na mwanamke amemshika mumewe mkono.

"Fundi! Twakutafuta wewe! Karisa leo siku ya tatu hajanywa!" Mwanamke huyo, Mbeyu, akaiona kanzu mikononi mwa Taib. "Hiyo ndiyo mume wangu aliyoitapikia tembo, fundi alipokesha naye kwetu Rabai akimshika asitoke kwenda kunywa. Sasa mwaichekea nini?"

Taib akainamia kikombe chake.

Mwanakuu akaanguka miguuni pa babake akilia. Babake hakumwinua.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini nilikuwa nakwenda kunywa, mwanangu. Si kwa kiu. Ni kwa kicheko chenu. Anayeacha ulevi huuacha upya kila siku, na watu wake ndio wa kumshika mkono. Ukimshuku mtu, muulize yeye kwanza. Usimpeleke barazani."

Mwanakuu akaiokota sabuni, akaifua kanzu pale pale mbele ya wote. Adhana ilipoadhiniwa, kanzu ilikuwa bado yachuruzika maji. Taib na wenzake wakaenda kuswali. Athmani, asiye na kanzu nyingine, akabaki barazani na kikoi chake, ameishika mikono ya Karisa iliyokuwa ikitetemeka.