Unywele Ukutani

Mimi si mtu wa kuamini uchawi ovyo. Paka akilia juu ya dari, nasema ni paka. Hili nalisimulia kwa sababu nilikuwepo, na anayebisha aje huku kwetu ziwani nimwonyeshe vidole vyangu.

Mama mdogo wangu, Ephrasia, mzaliwa wa Maguu, anafundisha baiolojia sekondari. Shule ina hadubini moja ndogo, ya wanaoanza kujifunza, na darasa zima haliwezi kuchungulia tundu moja. Kwa hiyo siku za jua huileta nyumbani. Huziba dirisha kwa blanketi, huacha tundu, kioo kikapokea jua, jua likapita kwenye kielelezo, na picha ikatua ukutani, kubwa. Hapo hubandika karatasi ya manila na kufuatisha kila mstari kwa penseli. Ngozi ya kitunguu, mguu wa nzi, jani la kahawa. Wanafunzi husomea michoro hiyo.

Mwaka jana binti yake wa pekee, Glorious, alianza kukosa pumzi. Zahanati, hospitali, vipimo, hamna kitu. Padri alikuja kuombea. Mtoto alikonda mpaka nikaogopa kumsuka. Mchana mmoja Mama mdogo aliokota unywele wa mtoto kwenye mto, akauweka chini ya hadubini, maana hakuwa na kingine cha kupima.

Ukutani unywele ulionekana mnene kama kamba. Ulikuwa na mafundo.

Mume wake, Baba mdogo Cuthbert, ni mvuvi. Alisogea karibu na ukuta.

"Ephrasia," alinong'ona. "Hayo ni mafundo ya nyavu."

"Nani anaweza kufunga unywele hivyo?"

 Alitoka nje, akashika wavu wake ulioanikwa, akautazama fundo kwa fundo.

Mama mdogo alianza kuchora. Alipofika kwenye fundo la kwanza alikosea, akafuta kwa raba. Chumba cha pili Glorious alivuta pumzi ndefu. Tulitazama ukutani. Lile fundo halikuwepo.

Akachora la pili, akalifuta.

"Mama, nina njaa," mtoto aliita.

Mama mdogo alicheka huku analia. Cuthbert alikimbilia kwa mtoto. Lilibaki fundo moja, lakini jua lilikuwa linahama, na picha ilikuwa inateleza ukutani, inauacha mchoro nyuma.

"Mama mdogo, tumalizie kesho," nilisema.

"Kesho simwachii mtu aliyefunga haya."

Akachora haraka. Akafuta kwa nguvu. Alifuta fundo. Alifuta na unywele.



"Glo!" Cuthbert aliita. "Glo!"

Hakuitikiwa. Ukutani unywele ulikuwa vipande viwili. Katikati hamna kitu.

Kisha wingu likaziba jua. Giza. Nilimsikia Mama mdogo akipapasa penseli. Aliunganisha mstari kwa kukumbuka tu, akisema, "Mwanangu, mwanangu, mwanangu," akikandamiza mpaka ncha ikavunjika.

Glorious akakohoa.

Alipona. Anakimbia, anakula, anagombana na wenzake. Kanisani walimtolea shukrani, na mimi niliimba kwa furaha kuliko wote.

Namsuka kila Jumamosi. Katikati ya kila unywele wake pana kipande cha kijivu, kama urefu wa punje ya mchele. Nikimaliza, vidole vyangu ni vyeusi, weusi unaong'aa wa penseli.

Nilishindwa kuvumilia, nikamwambia Mama mdogo. Hakushangaa. Alinitolea foronya ya Glorious. Ilikuwa nyeusi tupu.

"Naifua kila asubuhi, Avelina," alinong'ona, ili mtoto asisikie. "Na kile kipande kinafifia. Nimekoleza mchoro mpaka karatasi imetoboka. Penseli haishiki tena."