Geuka Kwanza

Sweta za watoto hazitakiwi kulala kambani. Zikilala nje, asubuhi utawavalisha watoto umande, na wakianza kukohoa anaulizwa nani? Matroni. Kwa hiyo jioni ile, jua linazama, nilichukua beseni langu nikaenda nyuma ya bweni kuanua.

Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Furaha na kiherehere. Mchana Mwalimu Mkuu alikuwa ameniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia mama yake Kifungo anarudi. Yule mwanajeshi, aliyepelekwa kulinda amani nchi za watu mtoto akiwa hajui hata kusoma, na sasa yuko darasa la tatu. Atakuja kesho, paredi ya asubuhi, kumshtukiza mwanawe.

"Na wewe, Matroni," akaninyooshea kalamu, "mdomo wako tunaujua. Ukimwambia mtoto, utanitambua."

"Mwalimu, siri hiyo nimeimeza."

Kifungo ni jina tulilompa sisi pale bwenini, maana akiwa na mawazo hutafuna vifungo vya sweta. Na mawazo hayakumwisha. Ndani ya kifuniko cha sanduku lake la bati alibandika picha ya mama yake. Selfi. Mama alijipiga na simu huko aliko, akaituma, ikachapishwa kubwa na kuvishwa plastiki isiharibike. Amevaa sare, anatabasamu, ana kovu refu shavu la kushoto. Mkono mmoja ameunyoosha mbele, ule ulioshika simu, kiganja hakionekani. Picha inaishia kiunoni. Kila jioni Kifungo anafungua sanduku, anasema taratibu, "Mama, njoo unichukue."

Nami, kwa mdomo wangu huu, nilikuwa namtania. "Ita kwa nguvu, mwanangu! Huko ni mbali, hakusikii."

Naye anaita kwa nguvu.

Basi, naanua sweta. Watoto wote walikuwa bwaloni wanasubiri chakula. Kimya. Pua yangu ikanasa harufu... plastiki iliyopata moto. Nikasonya. Mpishi wetu nimemkataza mara ngapi kuchoma takataka jioni? Sikio la kufa halisikii dawa.

Halafu nikasikia sauti.

Kwaru... kwaru...

Kama mtu anakunja karatasi ngumu. Upande wa pili wa sweta.

Nikavuta sweta ya mwisho.

Alikuwa amesimama ng'ambo ya ukuta. Ukuta wetu wa nyuma ni mfupi, unamfika mtu mzima kiunoni. Sare. Kofia imeinamia upande. Kovu shavu la kushoto. Tabasamu.

"Mama Kifungo!" Beseni lilitaka kuniponyoka. "Jamani! Si tuliambiwa kesho?"

"Niletee mtoto."

Alinong'ona. Tabasamu halikusogea.

"Zunguka geti la mbele basi, mlinzi yupo, atakufungulia."

"Niletee... mtoto."

Mkono mmoja alikuwa ameunyoosha mbele, juu ya ukuta, kama anayepokea kitu. Kiganja kilikuwa kimemezwa na giza.

Nikajiambia, wanajeshi ndivyo walivyo, ameamua kumshtukiza hata Mwalimu Mkuu. Safari ilikuwa ndefu, koo limemkauka. Mtu akitaka kuamini, hakosi sababu. Nikaenda bwaloni mbiombio, nikamshika Kifungo mkono, nikamnong'oneza, "Njoo nikuonyeshe kitu. Usiulize."

Alipomwona mama yake aliachia mkono wangu, akakimbia. Machozi yakanitoka hapo hapo. Mimi ni mkali, watoto wananiita Simba wakidhani sisikii, lakini moyo wangu si jiwe.

Katikati ya njia akasimama.

"Shikamoo, mama."

Kimya.

"Mama, ulisema ukirudi utanibeba mgongoni. Mpaka nyumbani."

"Njoo," yule mwanamke akanong'ona.

"Geuka kwanza. Geuka nipande."

"Njoo..."

Shikamoo ya mwanawe, miaka yote hii, na hakuitikia? Mama gani huyo? Nikamtazama macho. Hayapepesi.

"Mama, geuka!"

Upepo ukavuma. Akageuka.

Hakuwa na ubavu.

Sijui niseme vipi mnielewe. Mtu akigeuka unaona sikio, unaona bega, unaona ubavu. Yeye alipogeuka akawa mstari. Mstari mmoja, umesimama gizani, mwembamba kama ukingo wa kadi. Halafu ukaja mgongo. Mweupe. Hauna sare, hauna nywele, mweupe mtupu.

Lakini mkono ulibaki upande wetu. Na ulikuwa unarefuka.

Nilimrukia mtoto, nikamnyakua kiunoni. Kitu kikavuta sweta yake kifuani. Tap! Kifungo kimoja kikakatika. Nilikimbia naye bila kuangalia nyuma, na sitaki kujua nyuma kulikuwa na nini.

Bwenini nikafungua sanduku. Picha ilikuwapo. Hema nyuma yake lilikuwapo, anga lilikuwapo. Mama hakuwapo.

Kifungo akaitazama, akaipapasa kwa kidole.

"Matroni... nilimwita vibaya?"

"Hapana, mwanangu." Nilimkumbatia. "Ulimwita vizuri. Kimeitika kingine."

Picha ile niliitia motoni jikoni. Ilitoa harufu ile ile. Mwalimu Mkuu sikumwambia kitu. Ningemwambia nini?

Asubuhi, paredi. Kifungo amesimamishwa mbele, kafungwa kitambaa machoni, kaambiwa ni mchezo. Walimu wote simu juu, wanarekodi. Gari likaingia, akashuka mwanamke wa sare, akanyata, kidole mdomoni. Watoto mia wamejiziba midomo wasicheke.

Nikamtazama shavu.

Kovu lilikuwa la kulia.

Sikungoja. Niliikata paredi katikati, nikasimama baina yake na mtoto, mikono kiunoni.

"Simama hapo hapo! Geuka."

"Matroni!" Mwalimu Mkuu alikuwa amebadilika rangi. "Una wazimu?"

"Ageuke, nimesema! Hivi!" Nikageuka mwenyewe kumwonyesha, mzunguko mzima, taratibu, gauni linapepea. Watoto wakaangua kicheko. Simu zote zikanielekea mimi.

Yule mwanajeshi hakucheka. Alinitazama, akamtazama mwanawe nyuma yangu, halafu akageuka polepole. Alikuwa na sikio. Alikuwa na ubavu. Katikati ya mgongo sare ilikuwa imelowa jasho. Nikanyoosha kiganja nikaugusa mgongo ule. Wa moto! Nikaanza kulia mbele ya shule nzima.

Kifungo alikuwa ameshang'oa kitambaa. "Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ndogo, hajasogea.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, marahaba." Akachuchumaa, akampa mgongo. "Panda. Si nilikuahidi?"

Mtoto akapanda. Nani hakulia pale? Hata mlinzi alijidai ameingiwa na vumbi.

Baadaye mwalimu wa kompyuta alinielewesha habari ya kovu. Selfi hugeuza sura kama kioo, akasema, kulia kunakuwa kushoto. Kwa hiyo wa jioni alikuwa na kovu la picha, na wa asubuhi alikuwa na kovu la mtu. Hilo la mwisho nilijisemea mwenyewe. Yeye alikuwa anacheka tu. "Umekuwa staa, Matroni," akaniambia, akanionyesha simu yake. Mimi huyo, mikono kiunoni, nageuka mzunguko mzima. Alikuwa ameshamtumia kila mtu. Hata mama Kifungo.

Likizo ikafika. Kifungo akaenda nyumbani na mama yake, wawili tu, kwenye nyumba ndogo ya kupanga. Siku moja mama akanipigia.

"Matroni, mwenzio anakukumbuka! Kila jioni lazima aangalie ile video yako. Anacheka weee, halafu anaiambia simu, 'Matroni, njoo.'"

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka.

"Mama Kifungo, ifute."

"Jamani! Mtoto atalia."

"Alie! Ifute leo."

"Haya, haya, nitaifuta," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayemridhisha mkubwa wake.

Usingizi ulinikataa. Nilijaribu kumpigia tena, simu ikaita bila kupokewa. Asubuhi nikapanda basi, na begani nina mfuko wa vifungo vipya, vya rangi rangi, zawadi ya mtoto. Basi likaharibika njiani. Nilipofika kwao jua lilikuwa linaingia.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Pazia likatikisika.

"Nani?" Ni yeye. Nilitaka kuruka kwa furaha.

"Mimi, Matroni wako."

"Geuka kwanza."

Mtoto ana akili huyu! Niliweka mfuko chini, nikageuka taratibu mzunguko mzima. Sikio hili, ubavu huu, mgongo huu hapa.

"Umeona? Fungua sasa, mwanangu. Nimechoka, nina kiu."

Hakufungua.

"Wa jana naye aligeuka," akasema.

Video ile... si nilikuwa nageuka mzunguko mzima? Mimi mwenyewe nilikifundisha kugeuka.

"Kifungo. Mama yuko wapi?"

"Alikukaribisha. Ukakataa kukaa, ukasema unaondoka." Alikuwa analia sasa, kilio cha ndani kwa ndani. "Akatoka kukusindikiza."

"Jana?"

"Jana. Aliniambia nijifungie, atarudi sasa hivi."

Mgeni husindikizwa. Ndivyo tulivyolelewa sote, humwachi mgeni aondoke peke yake kama mwizi. Na mwanajeshi yule, aliyerudi mzima kutoka kwenye risasi, alimsindikiza mgeni.

Sikubisha tena. Niliwapigia majirani kelele, hakuna aliyetoka. Nikaketi kizingitini, nikaegemeza mgongo mlangoni ili mtoto asikie joto lake kwenye mbao. Baada ya muda nikamsikia naye anaketi upande wa pili, mgongo wake nyuma ya wangu. Giza likaingia.

Kuna ua mfupi wa miti kati ya nyumba ile na barabara. Nilikuwa nautazama. Nikaona mtu amesimama nyuma yake, naona kuanzia kiunoni kwenda juu. Sare. Kofia. Kovu lilikuwa shavu la kulia.

La kulia, la mtu. Lakini simu za paredi nazo zilimrekodi, na hizo si selfi.

Nikanusa hewa. Hakuna harufu. Mafua, au woga, sijui.

"Matroni," akanong'ona, kama aliyelia mpaka sauti ikaisha. "Niletee mtoto."

Nyuma yangu, ndani, nikasikia Kifungo akisimama. "Ni mama?" akaniuliza kupitia mlango. "Matroni, ndiye?"

Na mimi, mimi mwenye mdomo, nikaukaza tu mgongo mlangoni.